Makaa Yasiyo na Moshi

Phares, fundi wa reli, alizimia chumbani kwao Makadara, akazinduka, akarudi kazini buheri wa afya. Mwezi haukupita, mwili ukakakamaa kama gogo, miguu ikawa ya kuburura. Wenye midomo yao wakasema karogwa.

Sasa daktari aliinua picha ya ubongo wa Phares mbele ya taa, mkewe Kezia akaikodolea macho.

"Madoa haya mawili yameachwa na hewa ya sumu ya jiko la makaa. Mlilala nalo usiku ule alipozimia?"

"Nililipepea nje mpaka moshi ukaisha! Makaa yalipokuwa mekundu ndipo nikaliingiza, nikafunga dirisha. Mama alinifunza hivyo!"

"Hewa hiyo haina moshi, mama."

Kumbe mchawi aliyekuwa akitafutwa ni Kezia mwenyewe!

Phares akatetemeka kitini. "Kezia," akasema kwa shida, "nasikia baridi. Tukifika nyumbani uniwashie jiko."