Damu ya Mjomba Shigela

"Katika ukoo wenu, yupo mwingine wa namna hii?" Daktari Akeyo aliuliza.

Teodora alitaka kukana. Tangu bintiye Queen aonekane ana usonji, mawifi walikuwa hawaishi kumsakama: alikula nini akiwa na mimba, alimkosea nani? Badala yake likamtoka jina ambalo hakuwa amelitamka tangu mwenyewe azikwe.

"Mjomba Shigela."

Akamwona vilevile, kule Kayenze, amechuchumaa ufukweni mwa ziwa akipanga kokoto kuanzia ndogo hadi kubwa, wavuvi wakimpita. Hakupenda kuguswa. Mvua ikipiga bati alijifunika kitenge cha bibi gubigubi mpaka itulie. Lakini Teodora, enzi hizo mtoto, aliruhusiwa kuketi naye mgongo kwa mgongo, kimya, harufu ya dagaa walioanikwa ikiwaganda nguoni. Hajapata tena kukaa na mtu kwa amani namna ile.

"Vipo vinasaba vingi vinavyoelekeza ubongo wa mtoto ujijenge vipi tangu tumboni," daktari alisema. "Vingine hurithiwa, vingine hubadilika vyenyewe. Siwezi kuapa kwamba Queen amerithi kwa mjomba. Ila huu si uchawi, wala si kosa lako, mama."

Jioni Teodora alipita na Queen Kiseke kwa mama yake, Bernadeta, dada wa marehemu Shigela. Ndiye aliyeshikilia Queen apelekwe kwa mganga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wamesemaje huko?"

Teodora akaeleza yote. Bernadeta akaacha kupepeta mchele, ungo ukabaki magotini.

"Shigela alizungushwa kwa waganga, akachanjwa chale kifua kizima," alisema mwishowe. "Kumbe alizaliwa hivyo." Akajifuta macho kwa upindo wa khanga. "Basi, huyu haendi kokote."

Akaurudia ungo wake, akapepeta.

"Unajua alikuwa anacheka?"

"Mjomba? Sijawahi kumsikia."

"Meli ya Ukerewe ikikaribia. Sisi hatujasikia kitu, yeye anacheka. Halafu ndiyo honi inalia!"

Bernadeta akakiiga kile kicheko, chembamba, cha kukatikakatika kama kwikwi. Teodora akaangua kicheko, machozi yakimtoka.

Queen, aliyekuwa chini ya meza akizungusha kifuniko cha sufuria, akainua uso. Bibi yake akaiga tena. Mtoto akatoka, akaja kusimama karibu nao bila kumgusa yeyote, akimtazama bibi mdomoni, akingoja kicheko cha tatu.