Mlango wa Libuyu Uliotazama Sake

Watu wengine wakihamia mji kwa ajili ya kazi, wanatafuta nyumba kwanza, halafu wanaangalia kama mlango wake unafunga vizuri. Mimi nilikuja Goma na mlango mgongoni, nikatafuta nyumba ya kuuvalisha.

Ulikuwa mlango wa libuyu, mbao nzito za kahawia. Aliutengeneza baba mkwe wangu Paulin, seremala wa kwetu milimani Masisi, nilipomwoa binti yake Jolie. Juu alichonga ng'ombe wawili. Mmoja alitoka na miguu minne kama ng'ombe wa watu wote. Wa pili alitoka na mitano, kwa sababu saa za mchana Paulin alikuwa amepita kwenye pombe ya ndizi. Aliomba msamaha, akataka kuukwangua mguu wa ziada, Jolie akakataa. Alisema huyo ndiye atakayefika mbali.

Mwaka wa 1993, vita vilipofika kwenye kilima chetu na nyumba zikaanza kuungua moja moja, wenzangu walibeba magodoro, kuku, sufuria. Mimi niling'oa mlango. Paulin alikuwa amekufa miaka miwili kabla. Nyumba ningeweza kujenga tena, ila ng'ombe wa miguu mitano, nani angenichongea?

Mfukoni nilikuwa na barua ya kiwanda kimoja cha sabuni cha Goma. Walinitaka Jumatatu, kwenye shodieri, yaani lile pipa kubwa la kuchemshia mafuta ya mawese. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya kiwanda. Mpaka siku hiyo, wakubwa wangu wa kazi wote walikuwa na pembe.

Tulitembea mpaka Sake, mji mdogo ambapo milima inaishia, mimi na Jolie na mlango. Pale njiapanda akasimama.

"Mama hajafika," alisema.

Mama yake alikuwa nyuma yetu na kundi la majirani, na kundi hilo lilikuwa limekwisha kutupita lote bila yeye.

"Tumngoje," nikasema.

"Kazi itakungojea? Weye enda. Mimi narudi kumuchukua. Panga nyumba kando ya barabara, huku upande wa Sake, nisianze kuulizia mutu mumoja katika mji muzima."

"Na utanijuaje?"

"Weye naweza kukusahau, Darius. Ule mulango hapana."

Alicheka, akakaza kitenge chake, akaanza kupanda. Niliangalia kile kitenge cha manjano mpaka kikawa kama ua la alizeti, halafu punje, halafu nikawa naangalia kilima tu.

Kutoka pale niliubeba peke yangu. Kilomita ishirini na kitu. Kitambulisho changu cha zamani kinaonyesha mita moja na sabini na tisa. Njoo unipime leo. Kwenye kizuizi cha kwanza, askari mmoja aliniuliza nimebeba nini.

"Mulango, shefu."

"Na ndani yake kuna nini?"

Niliusimamisha katikati ya barabara, nikaufungua, akachungulia. Hakuona kitu, akapita upande wa pili ili ahakikishe. Nikaufunga, nikaondoka. Kwa nilivyosikia, hata wiki iliyofuata alikuwa bado anagonga.

Mjini nikapata komisionere, yaani mutu wa kutafutia wenzake nyumba. Aliitwa Useni, mwenye kofia nyeupe na viatu vinavyolia kama vifaranga. Alinipeleka kwanza Katindo, nyuma ya kambi ya jeshi.

"Hapa hutahitaji saa," alisema. "Baragumu inakuamusha bure."

"Mulango unaangalia wapi?"

"Unaangalia kambi."

"Twende."

Akanionyesha chumba cha pili, kando ya ziwa, hatua mia mbili kutoka kiwandani. Kilikuwa kizuri kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Sakafu ya simenti, upepo wa ziwa. Na shefu wangu wa shodieri, Papa Ferdinand, alikuwa amekwisha kunipa onyo asubuhi ileile: "Moto unawashwa saa kumi na moja, bado giza. Mutu wa shodieri anakaa karibu. Ukichelewa mara ya kwanza, nanyamaza. Mara ya pili, nasema. Mara ya tatu, hutanisikia, kwa sababu utakuwa kwenu."

Nilisimama katika kile chumba nikavuta upepo. Kisha nikauliza tena mlango unaangalia wapi.

"Ziwa!" Useni akasema. "Watu wanalipa juu ya hiyo!"

"Mutu wangu hatakuja na ziwa."

Useni alivua kofia, akajikuna. "Muzee wangu," akasema, ingawa nilikuwa na miaka ishirini na tisa, "nimepangisha wenye bibi wawili, wenye nyoka, wenye mizimu. Mwenye mulango, weye wa kwanza."

Nyumba niliyochukua ilikuwa Mugunga, mwisho kabisa wa mji, kando ya barabara ya Sake, mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Mwenye nyumba, Mama Asha, mjane ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, aliniruhusu kukata ukuta ili mlango wangu uingie. Nilipomweleza sababu, alileta msumeno yeye mwenyewe. Tuliutundika ukitazama Sake, ng'ombe wa miguu mitano juu, barabara yote mbele yake.

Tangu hapo nikawa mutu wa giza. Niliamka saa nane za usiku, nikatembea hadi kiwandani, nikarudi jua limekwisha kuzama. Jumapili pia, maana shodieri haisali. Mama Asha ndiye alikuwa macho yangu ya mchana. Kila jioni nilimuuliza, kila jioni alijibu, "Bado, mutoto wangu," na kunisukumia sahani. Mwaka ukapita. Nilichelewa mara moja, mvua, Ferdinand akanyamaza.

Halafu Julai ya 1994, watu wakavuka mpaka kutoka Rwanda. Siwezi kuwahesabu, wala aliyehesabu simwamini. Mugunga yetu ikageuka mji wa mahema ya plastiki, na mji ule ulihitaji moto wa kupikia. Miti iliisha. Vichaka viliisha. Mizizi ikachimbwa. Nakwambia hata kivuli cha mti kilikuwa kinakusanywa asubuhi. Sikuwalaumu, mutu mwenye sufuria na mtoto anayelia haulizi kuni ni za nani.

Jioni moja nikarudi, nikakuta Mama Asha amekaa juu ya jiwe, kitambaa usoni. Mchana alikuwa ameenda msibani, nyumba ikabaki bila mutu. Mlango haukuwepo. Hata bawaba zilikuwa zimeng'olewa.

Usiku huo sikulala. Niliweka kiti pale penye uwazi nikakaa mimi mwenyewe, nikawa mlango. Nilifikiria yule ng'ombe amepika maharagwe ya nani. Asubuhi nikachelewa, Ferdinand akasema. Tukatundika blanketi la kijivu, na kila nilipoliona nilijua kwamba Jolie akipita, ataona blanketi kama mablanketi elfu mengine, na atapita.

Miezi ikaenda hivyo. Niliendelea kukaa pale, ingawa sababu ya kukaa pale ilikuwa imeibwa. Useni alikuja mara mbili kuniambia kile chumba cha ziwani kiko wazi. Nilimrudisha mara zote mbili. Kuhama kulikuwa kama kumwambia Jolie asije.

Siku moja malori yalifunga barabara yote, nikafika kiwandani jua limepanda. Ferdinand hakusema kitu, kama alivyoahidi. Alinionyesha geti kwa kidole.

Hivyo nikajikuta narudi Mugunga saa nne asubuhi, mara ya kwanza kuipita barabara ile kwenye mwanga tangu mahema yaje. Na ndiyo sababu niliona soko. Wakimbizi walikuwa na soko lao kubwa, nami sikulijua, kwa vile nilipopita lilikuwa halijaamka au lilikuwa limelala. Mbele yake mama mmoja aliuza chumvi. Mafungu ya chumvi yalipangwa juu ya meza ya mbao za kahawia, juu ya mawe manne. Na katikati ya mafungu, mguu wa tano.

Kando ya meza alikaa mwanamke amenipa mgongo. Kitenge chake hakikuwa na rangi tena. Lakini mabega nayajua.

Yule mama wa chumvi aliniona nimeganda. "Ukitaka chumvi, nunua," akasema. "Ukitaka meza, ongea na huyu. Wiki ya tatu hii, hatoki ila kuchota maji. Nilimwambia niliuziwa na mupita njia, anasema hapana, mwenyewe atakuja."

Jolie akageuka. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa. Aliniangalia kwa muda mrefu, kana kwamba kweli alikuwa amenisahau na sasa ananichonga upya.

"Umechelewa," akasema.

"Weye ni wa pili leo."

Tulilia mpaka chumvi ikalowa. Kutoka meza ile hadi blanketi langu ni mita mia tatu. Jolie alikuwa amepita mbele ya blanketi kila siku akienda kuchota maji.

Usiku ndipo aliponieleza kuhusu mama yake. Alimkosa nyumbani. Wakamwambia amekimbilia upande wa Walikale. Akamtafuta huko kijiji kwa kijiji, mwaka na zaidi. Hakumpata, akashuka peke yake mpaka kwenye ile meza ya chumvi.

Kesho yake alinishika mkono hadi kiwandani, akasimama mbele ya Ferdinand.

"Papa, hatachelewa tena. Alikuwa ananingoja mimi."

"Na weye ulikuwa unangoja nini?"

"Yeye."

"Mulikuwa mbali?"

"Mita mia tatu."

Ferdinand aligeukia shodieri, akaangalia moto muda mrefu kuliko moto unavyohitaji. "Aanze Jumatatu," akasema. "Lakini akae karibu!"

Mama Asha alitusindikiza na machozi na sufuria. Mama wa chumvi alituachia mlango kwa bei ya meza, Useni akatupatia kile chumba cha ziwani, na nikaja na mlango mgongoni mara ya pili. Nilikuwa nimeshika msumari wa kwanza Jolie aliposema, "Hapana. Sake iko wapi kutoka hapa?"

"Upande ule," Useni akasema, "lakini mama, upande ule ni choo cha jirani!"

"Mama yangu anamujua huyu ng'ombe."

Tukakata ukuta upande ule.

Nimetoka kiwandani na pensheni yangu ndogo, na bado tunakaa palepale. Mlango wetu unafungukia choo cha jirani. Lakini ukikiondoa choo, na nyumba zilizo nyuma yake, na vile vilima viwili, mbele yetu ni Sake kabisa. Jolie anampaka ng'ombe mafuta ya mawese kila Jumamosi. Mtu akibisha, anakwenda yeye. Mimi sijawahi kuruhusiwa kufungua.