Mkia au Mguu

Ubishi ulikuwa Ruiru, boti ilikuwa Gatuanyaga, na maji yalikuwa mbali na vyote viwili. Anzia hapo, ndipo utawaelewa hawa watu.

Mwenye boti alikuwa Kiilu, aliyeendesha na kutengeneza boti za hoteli moja huko pwani tangu ujana wake mpaka hoteli ikafungwa. Wenzake walipewa vitanda, wengine mafriji. Kiilu akaambiwa achague, naye, mtu mzima mwenye mke na akili zake, akachagua boti. Tena si ya kuvulia samaki. Boti ya mbio, nyekundu, nyembamba, pua ndefu, iliyokuwa ikiwakimbiza Wazungu mpaka kofia zao zinabaki nyuma. Akaitafutia lori lililokuwa likirudi Thika tupu, akaishusha shambani kwake Gatuanyaga, katikati ya mbaazi zilizokauka. Punda wa nyumbani aliiona, akakataa kabisa kupita upande ule.

Huko pwani kila mtu alimwita Kapteni. Huku nyumbani, miaka hiyo ya tisini na kitu, hakuna aliyejua habari ya Kapteni. Alikuwa Baba Mwelu, au, mbaya zaidi, "yule bwana wa Katunge". Lilimuuma hilo, jamani. Lilimuuma akinawa uso asubuhi, likamuuma kanisani akitambulishwa kwa wageni. Ndiyo maana Jumapili moja alisimama mbele ya waumini wote akaapa kwamba Krismasi boti itakuwa Masinga, kwenye lile bwawa kubwa, yeye akiwa kwenye usukani na watu wakimtazama. Alichotaka ni kitu kimoja tu: mtu amwite Kapteni tena bila kuombwa.

Injini ilikuwa nzima. Ilikaa sebuleni, mkewe Katunge ameifunika kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, na juu ya kitambaa ameweka redio. Wageni wengi walidhani ni kabati.

Kilichokufa ni mkia. Kiilu aliita hivyo ile shafti iliyotoka moja kwa moja nyuma ya boti, propela ikiwa mwishoni, nusu ndani ya maji na nusu hewani, ikirusha maji juu nyuma ya boti mpaka watu wa ufukweni wanapiga mayowe. Kiungo cha shafti kilikuwa kimelika. Na Faki, muuza spea wa Ruiru, mzaliwa wa Majengo kule Thika, alikuwa na mguu.

Mguu ni mtindo mwingine. Unafungwa nyuma ya boti, unashuka chini kabisa majini na gia zake ndani, na propela iko huko chini. Huu wa Faki ulikuja kimakosa ndani ya kontena la injini za magari, na tangu siku hiyo ulining'inia dukani, wateja wakiutundikia kofia. Faki alipomsikia Kiilu akitaja boti, nusura amkumbatie.

Basi wakaanza. Kiilu alitoka Gatuanyaga alfajiri, akafika Ruiru, akakaa kwenye benchi nyuma ya duka, na ubishi ukaendelea pale ulipoachwa jana yake.

"Mzee, nisikize," Faki alisema. "Mkia wako hauna rivasi ya maana. Ukifika pa kushukia utafanya nini? Utapanda ukuta na watu wako? Mguu unakata kona, unarudi nyuma, unasimama kistaarabu."

"Mguu unaburuta. Chuma yote hiyo iko ndani ya maji inakuvuta shati. Mkia uko juu, nani atauvuta?"

"Wallahi, boti ya mkia ikienda polepole ni kama ng'ombe mgonjwa. Mpaka inyanyuke, abiria washazeeka."

"Ndiyo maana huendi polepole!" Kiilu alipiga benchi. "Mtu wa mkia hajui polepole ni nini. Na Masinga ina visiki chini ya maji. Mkia unapita juu yake. Mguu ukigonga kisiki?"

"Unauinua."

"Kisiki nitakiona kwa macho gani kwenye tope lile? Halafu ule mpira wa mikunjo unaoziba tundu lake nyuma ya boti ukipasuka, maji yanaingia, boti inazama, mwenyewe uko kwako umelala."

"Unabadilisha mpira."

"Unao?"

Faki akageuka kupanga vikopo vya oili. "Utapatikana," akasema, na kila anayewajua watu wa spea anajua maana yake.

Pembeni yao alikaangia samaki mama mmoja aitwaye Perez, mzaliwa wa upande wa ziwa. Watu wa stendi ya matatu pale jirani walikuwa wamegawanyika, nusu mkia, nusu mguu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda boti. Siku moja Faki akamwomba Perez aamue.

"Kwetu boti inaulizwa swali moja tu," Perez alisema, macho kwenye karai. "Inaleta nini nyumbani? Hii yenu inaleta nini?"

"Heshima," Kiilu akasema.

"Sawa. Ilete basi niikaange tule."

Stendi nzima ilicheka. Kiilu alicheka pia, lakini kwa mdomo tu.

Novemba mvua ikaja, na kwa Gatuanyaga ilikuwa mvua ya kusimulia. Barabara ikawa uji, Kiilu akakwama Ruiru, analala kwa Faki na kubishana naye mpaka wakati wa kula. Huko fundi mmoja akakitazama kile kiungo cha mkia, akatikisa kichwa, akakirudisha kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole. Kingeagizwa nje, na Krismasi ingepita kabla hakijafika. Kiilu alikizungusha mikononi, akakiweka chini ya benchi. Hatimaye, sauti ikiwa chini, akamwambia Faki alete huo mguu wake Jumamosi, na msumeno wa kukatia tundu. Faki alijaribu asitabasamu, akashindwa.

Mvua ilipokatika na jua kuikausha barabara, Kiilu alirudi nyumbani akiwa amenuna. Alipofika langoni, akasimama.

Kutoka kwenye paa la mabati ulitoka mfereji mrefu wa bati, umeshikiliwa na miti, na mwisho wa mfereji ulikuwa ndani ya boti. Boti ilikuwa imejaa. Imejaa maji safi, yametulia, wingu linapita ndani yake. Tundu la mkia kule nyuma lilikuwa limezibwa kwa kigunzi cha mahindi, kikafungwa tyubu ya baiskeli, kikapakwa lami.

"Woi! Katunge! Umeweka maji ndani ya boti!"

Katunge alitoka jikoni akijipangusa mikono. "Nimeiosha kwanza na Omo."

"Maji hukaa nje ya boti, Mama Mwelu! Nje!"

"Nje hakuna," Katunge alisema, akamwonyesha shamba lote kwa mkono mmoja.

Kiilu akasema yale aliyokuja nayo: Jumamosi Faki anakuja, boti itamwagwa, tundu kubwa litakatwa nyuma, kubwa kama sufuria ya ugali wa harusi, na mguu utafungwa. Alisema haraka haraka, bila kumtazama.

Katunge hakugomba. Afadhali angegomba. Mwanamke huyu alikuwa akienda mtoni na punda kabla jua halijatoka, miaka yote ambayo Kiilu alikuwa pwani akiitwa Kapteni. Mgongo wake uliujua mlima wa kutoka mtoni kuliko punda. Na tangu mvua hii, hakuwa ameenda hata mara moja. Alikuwa ameanza kulala mpaka kuche.

"Sawa, Baba Mwelu," akasema. "Jumapili punda utamtoa wewe."

Akarudi jikoni. Ile "sawa" ilimkaa Kiilu kifuani kama kipande cha muhogo mkavu. Usiku alijigeuza, akajiambia ameshaapa mbele ya watu, na mwanamume haapi halafu akarudi nyuma. Akajigeuza tena.

Jumamosi asubuhi Faki akafika na pikapu, mguu umelazwa nyuma umefunikwa turubai kama maiti ya mtu mkubwa. Alikuwa amevaa ovaroli mpya. Alimpa Katunge salamu za heshima, Katunge akazipokea, kisha akasimama mlangoni pa jikoni, mikono kifuani.

Kiilu alichukua chaki akapiga magoti nyuma ya boti. Akachora duara. Akalifuta, akachora tena. Chini ya duara hilo, karibu kabisa na tumbo la boti, kilikuwa kile kigunzi cha Katunge, kimekaa imara, hakivuji hata tone.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Ngendo, jirani wa shamba la chini, na mtungi wake wa plastiki. Nyuma yake wanawake wengine na mitungi yao. "Kapteni, umeamkaje? Leo kuna maji?"

Kiilu aligeuka kutazama nyuma yake. Hapakuwa na mtu mwingine. Faki ni mtu wa Ruiru, na punda hajawahi kuwa kapteni wa chochote.

"Unamwambia nani?"

"Si wewe?"

"Nani amekuambia uniite hivyo?"

Ngendo akashangaa. "Atĩ nani? Si watu wote wanasema maji ya Kapteni? Nikimtuma mtu namwambia, pita kwa Kapteni."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua. Wewe utajuaje, na unashinda Ruiru?"

Kiilu alibaki pale chini na chaki mkononi. Alikuwa amekwenda kulitafuta jina lile Ruiru, akalitafuta kwenye benchi, kwenye mkia, kwenye mguu, akataka kulifuata mpaka Masinga, na muda wote huo lilikuwa hapa hapa uani kwake, na aliyelileta ni mkewe na kigunzi cha mahindi. Aliona aibu. Akafurahi pia, furaha ya kweli kabisa, mpaka akainamisha uso asionekane.

"Mzee, nikate?" Faki aliuliza, msumeno mkononi.

Ngendo alikuwa tayari amepanda juu ya jiwe, anachota kwa jagi, na nusu ya kila jagi inamwagika chini. Kiilu alitazama maji yale yakimezwa na vumbi. Akatazama duara lake la chaki, kubwa, liko juu. Akatazama kigunzi, kidogo, kiko chini kabisa. Pole pole akapangusa chaki kwa mkono wa shati.

"Faki," akasema, "mguu unataka tundu kubwa, tena juu. Mkia tundu lake ni dogo, la mviringo, na liko chini ambapo maji yote yanafika. Kwa kazi hii, mkia umeshinda."

"Kazi gani?"

"Una bomba la shaba kwenye gari? Lile la koki ya kugeuza nusu?"

Faki alimtazama, akautazama mguu wake, akamtazama Katunge, ambaye mikono ilikuwa imeshuka kutoka kifuani. "Mimi nimebeba chuma hii kutoka Ruiru," alisema kwa uchungu, "mgongo wangu ni shahidi, nije kufunga bomba?"

"Na huo mguu usiurudishe. Una kazi."

Bomba na koki yake vikafungwa mahali pa kigunzi, na mguu kweli ulipata kazi. Waliusukuma chini ya pua ya boti, pua ikainuka, maji yote yakateremkia nyuma. Faki alikubali mwishowe kwamba hata mkia hauwezi kufanya hivyo, na kwa hilo akapata amani. Jioni alirudi Ruiru na ujumbe mmoja wa Kiilu kwa Perez: mwambie inaleta maji.

Lakini Kiilu hakuwa amemaliza. Fundi ni fundi. Aling'oa kiti, usukani na ile leva ya mafuta unayoisukuma boti ikimbie, akavihamishia juu ya pua, mahali pakavu. Waya wa leva akauvuta pembeni mpaka nyuma, akaufunga kwenye koki ya bomba. Ukisukuma leva mbele, maji yanatoka. Ukiirudisha, yanakatika.

Krismasi, baada ya ibada, kanisa zima lilikuja kumwona Kiilu kwenye boti kama alivyoapa, hata kama si Masinga. Walijipanga na mitungi. Yeye alikuwa juu, kofia nyeupe ya hoteli kichwani, mkono mmoja kwenye usukani ambao haukuwa umefungwa popote.

"Kapteni, ongeza moto!" Ngendo alipiga kelele kutoka nyuma.

Kiilu akasukuma leva mpaka mwisho. Maji yakatoka kwa nguvu, watu wakapiga makofi, mtu akaimba. Kiilu alicheka kwa sauti, na safari hii hakuwa anacheka kwa mdomo tu.

Hapo Katunge akapanda. Alikuja na leso mpya, akashikilia mkono wa mumewe, akaketi kando yake juu ya ile pua nyekundu. Kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajawahi kukanyaga boti, na hajawahi kumwita jina lingine ila Baba Mwelu. Alitazama foleni, akatazama maji yaliyobaki, akatazama mbingu ambayo haikuwa na wingu hata moja.

"Kapteni," akasema. "Twende polepole. Januari ni ndefu."

Na Kiilu, mtu wa mkia, akairudisha leva nyuma taratibu.