Mchele Uliofyonza Ujumbe

Hija hakuwa na magego ya upande wa kushoto, hakuwa na mke, hakuwa na viatu vya mvua, na ukuta wa chumba chake cha nyuma, huko Mbagala, haukuwa tena na msingi, kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yameula. Mtaani kwake hakukuwa na mtaro unaopitisha maji. Alichokuwa nacho ni simu, na ndani ya simu ujumbe wa sauti wa Audax, mwenyekiti wa mtaa, aliyekiri humo sababu ya maji kukosa njia. Hija alikusudia kwenda kuwasikilizisha watu wa ofisi ya kata siku ya Jumatatu.

Ijumaa mvua ilinyesha, maji yakaingia ndani, na alipoinama kuokoa godoro simu ikatumbukia.

"Usiiwashe!" jirani yake, Mwamvita, alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Mie nina ndoo ya mchele. Ilete tuifukie."

"Si mchele wa hitima ya mumeo huo, Bi Mwamvita?"

"Marehemu mwenyewe alikuwaga na simu tatu. Ataelewa."

Kesho yake wapishi waliuchota mchele, wakamrudishia Hija simu yake. Iliwaka vizuri. Ndani hamkuwa na ujumbe hata mmoja. Mchele ulikuwa umefyonza maji, na maneno yaliyolowa nayo ukayafyonza.

Hilo lilijulikana baada ya dua, pilau ilipoliwa. Shehe alimeza tonge la kwanza, akatangaza kwa sauti ya msichana kwamba kifurushi chake kinakaribia kwisha, kisha akaomba kachumbari. Nusaiba, mpwa wa Mwamvita, alitoa sauti nzito ya fundi aliyeahidi kuja Jumanne kuziba ukuta.

"Huyo hakuja," alisema Hija.

"Mafundi ndivyo walivyo," alijibu shehe, akahamia kwenye nyama.

Audax alikuwa kwenye sahani ya pili. Alipomeza, ikamtoka sauti yake mwenyewe, na nyuma yake redio ikisikika: "Mzee Hija, mtaro upo, ila mie nimeshajenga vibanda vyangu juu yake. We vumilia tu."

Jamvi zima lilisikia. Audax akanywa maji.

"Mmesikia?" Hija aliuliza.

"Tumesikia," walisema watu.

"Hata mie nimesikia," alisema Audax, akijipangusa midomo. "Lakini mzee wangu, kata haipokei pilau. Andika barua."

"Kweli, andika barua," walisema watu, wakaomba ukoko.

Hija aliandika, ukurasa mzima, kwa mwandiko wa kulala. Ukuta ulikuwa umeinama kiasi cha kuegemezwa kabati. Kwa utaratibu, barua ya mkazi kwenda kata hupitia kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa hiyo Jumatatu aliipeleka kwa Audax, ambaye ofisi yake ilikuwa ndani ya kimojawapo cha vibanda vile.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Audax aliisoma yote bila haraka, akamsifu kwa mwandiko wake, akagonga muhuri. Chini yake akaandika kwamba anathibitisha mlalamikaji ni mkazi wake mwema, na kwamba mtaro anaoutaja haupo. Akampa Hija asome. Hija alisoma. Kisha Audax akaitia barua kwenye bahasha, akalamba gundi, akaifunga vizuri kwa kidole gumba, na kumkabidhi dereva wa bodaboda aipeleke kata.