Mkono wa Kulia wa Silvana

Swali la ishirini na saba liliuliza: nani alikupa ushauri wa kujitunza baada ya matibabu? Swali jepesi tu. Mwaka 2003 nililisoma kwa sauti kwa wanawake tisa, mmoja baada ya mwingine, na wanane walinijibu bila shida. Daktari, nesi, padri, mmoja akasema shangazi yake. Wa tisa alikuwa Silvana.

Nijieleze kwanza, maana sipendi watu wanaosimulia huku wamejificha. Naitwa Kristiana. Nilikuwa nesi wa wodi ya upasuaji hapa Sumbawanga kwa miaka kumi na tisa, mpaka serikali ilipoamua kupunguza wafanyakazi na mimi nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Hiyo ilikuwa Agosti 1995. Nikafungua kibanda cha mitumba Katandala, masweta hasa, kwa sababu baridi ya Ufipa haijawahi kupunguzwa na mtu. Nilikaa na hasira miaka miwili hivi, kisha nikazoea.

Halafu akaja Daktari Zenon kutoka Dar es Salaam, kijana mwembamba mwenye haraka zake, na utafiti mkononi. Alitaka kujua wanaishije wanawake waliotibiwa saratani ya titi wakarudi makwao. Wangapi wamekufa, alisema, watu wameshahesabu vya kutosha. Yeye aliwataka waliobaki: wanalala vipi, wanakula nini, mkono wa upande uliokatwa unafanya kazi gani. Mimi ndiye niliyejua wanakoishi, basi akanichukua kwa miezi mitatu. Alinifundisha siku mbili kupima mkono kwa futi ya fundi cherehani, kufunga bandeji, na kuongoza mazoezi. Jambo alilolikazia ni kwamba mkono ule ukiachwa bure unavimba na kukakamaa. Unatakiwa utumike, kwa kupandisha polepole, leo kikombe, wiki ijayo jagi, mpaka ndoo. Niliyaandika yote kwenye daftari.

Silvana anaishi pembeni mwa Milanzi, nyumba zinapokwisha na mashamba yanapoanza. Tulimkuta Februari, amekaa kwenye mkeka mlangoni, mkono wa kulia kaulaza juu ya mto. Nikamwambia Tumsifu Yesu Kristo. Akaitikia Milele na milele amina, kisha akanitazama, na uso wake wote ukachangamka. Alinijua. Mimi nilimjua kwa jina kwenye orodha tu.

Zenon akapima. Mkono ulikuwa umeuzidi wa kushoto kwa sentimita saba pale juu ya kiwiko, na haukupanda kupita kidevu. Nikaanza maswali. Alilima tangu ana miaka saba, sasa halimi. Hasongi ugali, hachoti maji, hatwangi. Mume wake Sebastiani alilima peke yake mpaka alipofariki mwaka juzi, na tangu hapo Silvana anakula anachopelekewa na mke wa shemeji yake.

Akatueleza na habari ya shamba, bila kulalamika, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Shamba ni la ukoo wa mumewe, na limelala. Kwao mtu hulishika shamba lililolala kwa ntumba, yale matuta ya duara tunayoyainua mvua zikielekea kuisha. Nyasi tunazifukia chini zioze, juu tunapanda maharage, na msimu unaofuata tunayatawanya tukapanda ulezi. Watu watakuja kukusaidia, tena mbio, ukiwa na pombe ya ulezi. Lakini mstari wa kwanza lazima uinuliwe na mwenye shamba kwa mikono yake mwenyewe, hata awe mjane. Shemeji yake, Felisiani, ambaye si mtu mbaya, alikuwa amesubiri misimu miwili. Sasa alikuwa amesema mvua hizi zikiisha bila mstari, shamba analichukua yeye. Na mjane asiye na shamba kwa watu wale mwishowe hurudishwa kwa kaka zake. Kaka zake Silvana walikuwa wamekufa wote.

Nikafika swali la ishirini na saba.

"Si wewe?" akasema, akacheka kidogo. "Ulinishika bega pale wodini ukaniambia, mkono huu usiinue kitu kinachozidi kikombe cha chai mpaka nikuambie mimi. Nimefuata hivyohivyo, nesi. Ndiyo maana niko hai."

Zenon alikuwa anazungusha bandeji yake na hakunitazama. Nikaandika kwenye karatasi: hakumbuki. Nikasema twende swali la ishirini na nane.

Njiani nikaanza kumkumbuka, na heri nisingemkumbuka. Alitoka Dar kwa treni mpaka Tunduma, akapanda lori, akafika wodini kwetu na barua ya madaktari wa huko. Barua ilisema mkono upumzike wiki sita. Sikusahau kumwambia hizo wiki sita. Niliziacha makusudi. Nawajua wanawake wetu, mimi mwenyewe Mfipa. Mwambie mmoja wao akae wiki sita mbali na jembe, atasikia siku sita, na ya tano utamkuta shambani kidonda kimefumuka. Nimeosha usaha wa vidonda vya namna hiyo mpaka nikachoka. Kwa hiyo nilikuwa sitaji siku. Nilisema mpaka nikuambie mimi, mgonjwa akirudi kliniki namwambia, mambo yanakwisha. Ujanja huo ulinifaa miaka mingi na nilijivunia. Silvana aliporudi kliniki, mimi nilikuwa nimepunguzwa wiki iliyotangulia. Waliangalia kidonda wakamwambia kimepona, nenda mama. Mkono hakuna aliyeugusia, kwa kuwa hakuna aliyejua nilichomwambia.

Ningeweza kunyamaza. Zenon angemfundisha mazoezi kama wenzake, mkono ungelegea, na mimi ningebaki nesi mwema. Niliupenda mpango huo kwa siku nane nzima. Ulikuja kukwama kwa Silvana mwenyewe. Zenon alimpa kikombe, akakiinua. Akampa jagi la maji, akakataa, kwa adabu kabisa. Alisema anamheshimu daktari, ila mwenye neno yupo hapahapa na hajalisema. Wote wawili wakanigeukia.

Nikaona hasira zinapanda, ndivyo nilivyo, nikikosa hukasirika. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini basi miaka minane hakunitafuta mjini akaniuliza.

"Nilikuona," akasema. "Sweta hili nilinunua kwako, nikalipanua mkono. Na siku nyingine nilipita tena. Nikasema huyu ananiona, wakati ukifika ataniambia. Ningekuuliza ungeniona nina haraka."

Sweta lilikuwa la kijani. Mkono wa kulia ulikuwa umepasuliwa na kuongezewa kipande cha kitenge. Vifungo nilivishona mimi, vilipokatika kwenye belo. Nilimuuzia mwanamke mwenye mkono kama ule na sikumtazama usoni.

Mficha uchi hazai. Nikamwambia yote mbele ya Zenon: barua, wiki sita, makusudi yangu. Nikamwambia siku niliyopunguzwa niliwaza kazi yangu tu, mgonjwa hata mmoja hakunijia kichwani. Niliona aibu, aibu yenyewe hasa, ile inayochoma masikio. Zenon akakunja futi yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kwa hiyo tangu wiki ya saba ningelima," akasema Silvana.

"Ungeanza kidogokidogo. Ndiyo."

"Sebastiani alilima peke yake miaka sita. Huku kifua kinamuuma."

Silvana akaangalia shamba lake lenye nyasi zinazofika kiunoni, kisha akaniangalia mimi.

"Haya, niambie."

"Inua," nikasema.

Akaliinua jagi. Maji yakamwagikia kwenye mkeka, akalishusha, akaliinua tena.

Mpango wa Zenon ulikuwa wa wiki kumi na mbili. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki saba, nane zikijitahidi. Nilikwenda Milanzi kila siku kumfunga bandeji, kibanda nikakifunga mpaka adhuhuri, wateja wangu wakahamia kwa jirani. Wiki ya tano akainua ntumba ya kwanza kwa jembe la mpini mfupi, ikamchukua asubuhi nzima. Mkono ukaongezeka sentimita moja. Zenon akamkataza siku mbili, na safari hii nilihakikisha zimetajwa kuwa mbili. Mwezi wa nne ulipofika katikati alikuwa na ntumba tisa.

Felisiani akaja kukagua. Mistari yake yeye ina ntumba arobaini. Akazunguka zile tisa, mikono nyuma, akauliza kama na huu nao ni mstari. Silvana akamwambia shemeji, hebu lala kando yake, ukiuzidi urefu shamba lichukue. Felisiani alicheka mpaka akajifuta macho. Akaenda zake. Kesho yake alirudi na watu saba na majembe, bila kudai pombe, na shamba halikutajwa tena.

Mimi nami nililima siku hiyo. Zenon alikuwa ameshaondoka na makaratasi yake. Kabla hajaondoka nilimwomba ile ya Silvana, nikakata neno hakumbuki, nikaandika jina langu. Alitia saini pembeni. Basi nikaona yangu nimeyamaliza. Saa sita viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, nikalaza jembe chini nikatafuta maji ya kunywa.

"Nesi," Silvana akaniita mbele ya watu wote. "Nani kakuruhusu? Usiweke jembe chini mpaka nikuambie mimi."

Watu wakacheka wakidhani ni utani. Nikaliokota. Huu ni msimu wa tatu nalima pale, na bado hajaniambia.