Bakuli la Jiwe la Manjano

Mwalimu Nirupam Sarkhel alifundisha jangwa la Thar tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti, na hakuwahi kulitia machoni. Angekuchorea ubaoni bila kufungua kitabu: mchanga unaanzia wapi, mvua inakomea wapi, jiwe gani linachimbwa upande gani. Ukimuuliza kama amewahi kufika huko, angekohoa kidogo na kusema, "Mwaka huu, mambo yakienda sawa." Mambo hayakuwahi kwenda sawa, kwa sababu kila baridi ilipoingia Uttarpara, mji wake wa mashariki mwa India, na tuisheni nayo iliingia.

Mitihani mikubwa huko huja baridi inapoisha, kwa hiyo baridi ndiyo mavuno ya mwalimu wa tuisheni. Kundi la asubuhi likitoka, la jioni linaingia, viatu vya watoto wa watu vimezagaa mlangoni, sebule si sebule tena. Mwanawe wa pekee, Tublu, alikuwa na miaka minane alipoiona picha ya ngome ya Jaisalmer katika kitabu cha baba yake. Ngome yote ya mawe ya manjano, imekaa juu ya kilima katikati ya jangwa. Mtoto akaganda pale. Akataka kwenda. Nirupam akamwekea mkono kichwani, jambo ambalo mzazi wa huko halifanyi kwa mzaha, akamwambia, "Baridi hii nakupeleka."

Baridi ile ikapita, na iliyofuata ikapita. Kisha Tublu akaacha kuuliza, na baba yake, Mungu amsamehe, akadhani mtoto ameanza kuwa mwelewa.

Sasa Tublu alikuwa darasa la kumi na moja. Mzazi yeyote wa Uttarpara anajua maana yake. Darasa la kumi lina mtihani, kwa hiyo hakuna anayesafiri. La kumi na mbili lina mtihani mkubwa zaidi, na mwaka huo hata televisheni huwashwa kwa kunong'ona. Katikati kuna baridi moja tu ya kuvuta pumzi. Baada ya hapo kijana angekwenda chuo huko kusini, akae bweni, na akirudi nyumbani arudi kama mgeni. Jambo hili lilimjia Nirupam asubuhi moja akinyoa ndevu, akabaki amesimama na povu shavuni mpaka likakauka. Ilikuwa baridi hii, au basi tena.

Jioni ile alitangaza safari mezani: wiki moja, baba na mwana, kwa treni mpaka Jaisalmer. Mkewe Sutapa angebaki na mama mkwe wake, kwa kuwa bibi huyo hakuweza kuachwa peke yake.

Sutapa alisita na upawa hewani. "Kwa nini msiende Puri? Bahari iko karibu."

"Puri! Puri hata paka wa jirani amefika."

"Basi milimani. Tublu anapenda milima."

"Tangu lini? Huyu anataka ngome. Alitaka ngome hata kabla meno ya mbele hayajaota upya. Au siyo, Tublu?"

Tublu hakuinua macho kwenye sahani. Alikuwa amerefuka mpaka magoti yake yaligonga meza. "Sawa, Baba."

"Sawa tu?"

"Sawa sana."

Nirupam alitegemea zaidi ya hapo, lakini alijifariji kwamba vijana wa siku hizi furaha yao wameifungia kwenye simu.

Akazama katika mipango. Alichora ramani kwa penseli za rangi, akasoma habari za ukungu, akabishana na mwenye duka la chai kuhusu ngamia ambao wote wawili hawakuwahi kuwapanda. Lakini kiini cha safari kilikuwa kitu kimoja, na hakumwambia mtu. Treni ile huingia Jaisalmer alfajiri. Tublu angekuwa kitanda cha juu, amelala fofofo, kama watoto wote wanavyokipenda kitanda cha juu. Baba yake angesimama, amvute kidole gumba cha mguu, amwambie, "Amka, tazama dirishani." Basi. Mengine yote yalikuwa mapambo. Alichokitaka ni ile sura, ile ya miaka minane, ikiiona ngome kwa mara ya kwanza, na yeye akiwa ndiye aliyemwonyesha. Alikuwa ameifanyia mazoezi kwa miaka, wakati mwingine akiwa amesimama mbele ya wanafunzi na chaki mkononi.

Tiketi za treni hufunguliwa miezi miwili kabla, saa mbili kamili asubuhi, na katika majira ya baridi nchi nzima inakuwa mlangoni. Siku yenyewe Nirupam aliweka kompyuta tayari tangu alfajiri. Saa mbili kasorobo msichana mmoja wa kundi la asubuhi akauliza swali kuhusu pepo za msimu. Swali zuri. Nirupam akachora mshale mmoja, ukahitaji mwenzake, na alipoweka chaki chini vitanda vyote vilikuwa vimekwisha. Alichoambulia ni ile tiketi ambayo watu wawili hupewa kitanda kimoja cha pembeni, wakae wakitazamana magoti, wakimwomba Mungu mtu mwingine aahirishe safari.

"Tutabanana," alimwambia mkewe kwa uchangamfu. "Tublu si mnene."

"Tublu ni mrefu kama mlango," Sutapa alisema. "Wewe unamwona Tublu yupi?"

Nirupam alikuwa ameshaigeukia kompyuta. Alikuwa akitafuta hoteli.

Tublu alimsaidia, hilo lazima lisemwe. Jioni alikaa pembeni yake kwa adabu na kumrekebisha hapa na pale. "Usichukue vyumba vya ndani ya ngome, Baba. Maji yanasumbua, halafu mizigo unaibeba mwenyewe mpaka juu, zile njia zinateleza."

"Umejuaje?"

"Simu, Baba. Kila kitu kiko kwenye simu."

"Na kofia? Simu inasemaje kuhusu kofia?" Mkewe alikuwa ameshatoa kabatini zile kofia za sufu zinazofunika kichwa, masikio na kidevu, zikiacha pua tu nje. Nirupam aliapa kwamba hatavaa. Kofia ile ilimfanya mtu aonekane mwizi mstaafu.

"Vaa tu, Baba. Usiku jangwani baridi inaingia mpaka kwenye mifupa," Tublu alisema, kisha akainuka ghafla kwenda kunywa maji.

Jumapili moja walikula chakula cha mchana juu ya paa, kwenye jua. Magodoro yalikuwa yameanikwa ukutani, na Bibi ameketi katikati yake na shali yake, akimenya chungwa taratibu. Sutapa aliwapakulia mtindi wenye sukari guru mpya ya mtende. Nirupam alikuwa amechangamka. Alikuwa na bakuli lake mkononi, lile la mtindi, zito, la rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, akila na kuhutubia.

"Halafu kuna kitu hiki. Karibu na Jaisalmer kunachimbwa jiwe moja la ajabu. Zamani pale palikuwa bahari, mnanifuata? Ndani ya jiwe kuna magamba ya viumbe wa kale. Watu wa huko wanadai ukitia maziwa kwenye bakuli la jiwe hilo yanaganda yenyewe, bila chachu. Tutamletea Mama yako moja, Tublu. Tutalichagua pamoja."

Sutapa alijishughulisha na kifuniko cha sufuria.

"Wewe Nirupam," Bibi akasema, bila kuinua macho kwenye chungwa, "mwalimu mzima. Hilo uliloshika ni nini?"

"Bakuli, Mama."

"Bakuli la nini? Miaka miwili unakula mtindi humo, leo unataka kwenda kulinunua. Aliniletea mjukuu wangu kutoka hukohuko kwenye ngome, kwa sababu tumbo langu halipendi mtindi wa dukani. Ukalichukua wewe, kama kawaida yako."

"Bibi," Tublu alisema kwa sauti ya chini. "Uliahidi."

"Mimi? Mimi siahidi kitu. Mimi nasahau."

Nirupam alilitazama bakuli. Aliligeuza kwenye jua, na magamba yale yakaonekana, madogo, yamelala ndani ya jiwe kama mbegu ndani ya tango. Aliyachora magamba hayo ubaoni kila mwaka.

Ikabidi Sutapa aseme. Alisema akikunja shali ambayo haikuhitaji kukunjwa. Tublu alipokuwa darasa la tisa, familia ya rafiki yake Sagnik ilikuwa ikienda Jaisalmer. Sagnik hakuwa na ndugu, wazazi wake wakamwomba Tublu awe mwenzake. "Wewe ulikuwa na makundi matatu mwaka ule. Nilijua ukiulizwa utasema subiri, tutakwenda wote. Na mtoto alikuwa amesubiri, Nirupam. Nikakwambia anakwenda kwa mjomba wake, kule Asansol."

Nirupam aliikumbuka wiki ile, na hapo ndipo ilipomchoma. Nyumba ilikuwa imetulia, chumba cha Tublu kikawa wazi, na yeye akafurahi, akaongeza kundi la nne humo. Mtoto aliporudi, uso umeungua jua, midomo imekauka kwa upepo wa jangwani, baba yake alimuuliza swali moja tu: mguu wa mjomba unaendeleaje? "Vizuri," mtoto alijibu. Wakaendelea na maisha.

Alitaka kukasirika. Mtu akidanganywa ndani ya nyumba yake ana haki ya kufoka, na alifungua mdomo kabisa. Lakini hasira nayo inahitaji pa kusimama, na yeye hakupaona. Alimaliza mtindi wake kwa sababu kuuacha kungekuwa kusema kitu.

Alasiri alimfuata Tublu aliyekuwa akikusanya magodoro.

"Nitaifuta safari," alisema. "Chagua mahali pengine. Popote."

"Usifute, Baba."

"Umeshaiona."

"Wewe hujaiona." Tublu alikung'uta godoro kwa kiganja. "Ningekwambia. Kila nikitaka kukwambia unakuwa unachora ngamia."

Nirupam alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akauliza swali ambalo mtu mwenye akili asingeuliza. "Ulipoiona mara ya kwanza, ilikuwaje?"

"Nilikuwa nimelala. Kitanda cha juu. Baba yake Sagnik alinivuta kidole cha mguu, akaniambia tazama dirishani." Kijana alitabasamu peke yake, na kwa muda mfupi ile sura ikapita usoni pake, yenyewe kabisa, miaka minane na pengo la meno, kisha ikaondoka. "Ilikuwa nzuri mno, Baba. Nilidhani bado naota."

"Alifanya vyema," Nirupam alisema. "Mshukuru." Akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta. Alimwonea wivu mwanamume yule, muuza miwani mpole asiyejua hata mchanga wa Thar umetoka wapi, na aliona aibu kwa wivu huo, na bado aliona wivu.

Walikwenda. Wa kuahirisha hakutokea, kitanda kikabaki kimoja. Mchana walikaa wakitazamana, magoti yao yakigongana, wakala maandazi ya Sutapa na viazi vikavu. Usiku Tublu alikataa katakata zamu ya kulala. "Nyoosha miguu, Baba. Mimi nikikunja shingo nalala popote." Akaketi pembeni mwa miguu ya baba yake, amejikunja, ameegemea ukuta wa behewa, na Nirupam akalala kwenye nafasi aliyokuwa ameipanga kwa ajili ya mtoto mdogo.

Ukungu uliichelewesha treni. Alfajiri ya siku ya mwisho njiani iliwakuta mbali, na jua lilipokuwa limepanda vizuri ndipo mchanga ulipoanza. Behewa zima lilikuwa macho, watu wanakunywa chai, wanafunga mizigo. Nirupam naye alikuwa macho. Alimsikia Tublu akisogea, akifuta kioo cha dirisha kwa mkono, akinyamaza. Akajua imekaribia. Akavuta blanketi mpaka kidevuni, akafumba macho, akapumua pole pole kama mtu aliyelala.

Kidole gumba cha mguu wake kikavutwa.

"Baba. Amka, tazama dirishani."

Akajifanya anashtuka. Akainuka kwa kiwiko na kutazama. Ngome ilikuwa pale, manjano yote, juu ya kilima chake, kama ilivyokuwa kitabuni. Ilikuwa nzuri. Aliona kwamba ni nzuri, kama mtu anavyoona kwamba hesabu imetoka sawa.

Akamgeukia mwanawe. Tublu hakuwa akiitazama ngome. Alikuwa akimtazama yeye, ameinama mbele, macho yamemtoka kwa kungoja, akitafuta kitu usoni mwa baba yake na akiogopa kukikosa. Nirupam aliujua mtazamo ule. Alikuwa ameutunza yeye mwenyewe kwa miaka yote ile.

"Ni nzuri, Baba?"

"Nzuri mno," Nirupam alisema. "Nilidhani bado naota."

Kisha akaitafuta ile kofia ya sufu aliyoapa hataivaa, akaivaa, na kuishusha mpaka kwenye nyusi. Alisema upepo unaingia.