Rika Moja

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Pasi alisimama mbele ya meza ileile, katika chumba cha nyuma cha duka moja kubwa la dobi, akinyoosha mashuka ya hoteli na mashati ya watu asiowajua. Mvuke aliuzoea. Kwa hiyo siku joto la kwanza lilipompanda, likianzia kifuani, likapita shingoni mpaka kwenye mizizi ya nywele, alidhani pasi imeharibika. Aliichomoa kwenye umeme, akaigeuzageuza. Kumbe anayewaka ni yeye mwenyewe.

"Karibu chamani," alisema Redio, mwanamke aliyekuwa akikunja nguo meza ya pili, na ambaye jina hilo alipewa kwa sababu hazimwi. "Mimi mwaka wa tatu sasa. Mume wangu nikisikia baridi namvuta, nikisikia joto namsukuma. Maskini hajui ashike lipi."

Walicheka mpaka msimamizi akachungulia. Ndivyo walivyoyachukua mambo hayo pale kazini, kwa utani. Siku za Mama Pasi zikawa zinakuja zikipenda. Magoti yakaanza kulia kila akichuchumaa, na mara nyingi aliingia chumbani akasahau alichofuata. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, hakuona ajabu. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, kifungua mimba na kitinda mimba wake kwa mpigo, na huyo tayari alikuwa na mchumba. Zamu ya mama inakwisha, zamu ya binti inaanza. Aliona mambo yamekaa sawa.

Kisha binti akaugua. Alikuwa muuzaji katika duka la dawa, mtu wa kuwashauri wengine waende hospitali mapema, lakini tumbo lake mwenyewe alilivumilia miezi. Alipopimwa ikaonekana ni saratani. Baada ya upasuaji, daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alimwita Mama Pasi pembeni.

"Tumetoa kizazi, na vifuko vya mayai pia. Hatukuwa na njia nyingine. Atapona. Ila mwili wake umeshaingia kwenye ukomo wa hedhi, tena kwa mara moja, si kidogo kidogo kama wako, mama. Na dawa za kumpunguzia makali ya hali hiyo, kwa ugonjwa wake, hatuwezi kumpa."

Mama Pasi alisikia "atapona", akaing'ang'ania hiyo. Yale mengine aliyaacha yampite, yakaja kumrudia baadaye nyumbani, moja moja.

Mchumba, mpima ardhi, kijana mpole wa watu, alikuja hospitalini mara nne. Mara ya tano alikuja shangazi yake na mfuko wa machungwa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, akaeleza kwa kirefu jinsi ukoo mzima unavyompenda binti, na jinsi kijana alivyo wa kiume peke yake kwao. Akafika mahali ulimi ukawa mzito. Binti ndiye aliyemsaidia.

"Mnataka kuvunja uchumba, shangazi. Sawa. Nimeelewa."

Alipotoka hospitali, binti akarudi kwa mama yake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na feni moja ya kusimama. Mama Pasi aliielekeza feni upande wa binti na hakuigeuza tena. Joto lake likimpanda alinyanyuka, akajifanya anakwenda kuchota maji, akasimama nyuma ya nyumba uso umeelekea ukutani, akingoja lipite. Aliona haya. Yeye mwili wake ulikuwa umefanya kazi yote uliyoumbiwa, sasa unafunga duka. Atalalamika nini mbele ya huyu?

Binti hakuwa mjinga. Jumapili moja wakila chakula cha mchana, joto likawakamata wote wawili kwa pamoja. Mama akaanza kunyanyuka.

"Kaa, Mama. Unakwenda wapi? Ndoo imejaa tangu asubuhi."

Akakaa. Wakatazamana, nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta, jasho linachuruzika mpaka kidevuni. Binti akaangua kicheko. Mama akajaribu kujizuia, akashindwa, wakacheka hadi mbavu hawana.

"Sasa mimi na wewe rika moja," binti alisema akijifuta macho. "Nikuite dada?"

"Niite tu. Nitafurahi kupunguziwa miaka."

Alipokuwa akiosha vyombo ndipo neno lile lilipomkata maini. Rika moja. Mtoto alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Hata hivyo tangu siku ile mambo yalilegea. Walisimuliana. Binti alimwonyesha jinsi ya kulowesha kitambaa na kukilaza shingoni. Siku moja walitafuta miwani nyumba nzima, kila mmoja amesahau aliiweka wapi, na ilikuwa imo kwenye sufuria safi jikoni. Nani aliiweka humo hawajui mpaka leo. Mama Pasi akaanza kuamini kwamba watalivuka hili wameshikana mikono.

Ilikuwa Jumatatu, kazini, alipohisi kitu. Alikwenda msalani akaona damu, nyekundu, nyingi, kama ya msichana. Ilikuwa imepita miezi minane tangu aione mara ya mwisho. Alimtuma Redio dukani, naye Redio akarudi na pakiti ya pedi ameinyanyua juu kama kombe la ushindi.

"Jamani, mwenzetu karudi usichanani!"

Mama Pasi akamziba mdomo kwa kiganja, kisha akalia pale pale, katikati ya mashuka. Redio akanyamaza. Watu wa pale walikuwa hawajawahi kumwona amenyamaza.

Nyumbani hakusema neno. Nguo zake alizifulia kazini. Pakiti aliifukia ndani ya sanduku lake, chini ya mablanketi. Siku tatu alitembea ndani ya nyumba yake kwa kunyata. Siku ya nne binti alikuwa anatafuta mkasi.

Mama aliporudi alimkuta amekaa kwenye kitanda chake, pakiti mapajani.

"Za nani hizi?"

"Zangu."

"Tangu lini?"

"Jumatatu. Zimekuja tu, mwanangu, sikuziita. Wanasema kabla mwaka haujatimia zinaweza kurudi."

"Ukanificha."

"Ningekwambiaje?"

Binti aliigeuza pakiti, akasoma maandishi ya nyuma kana kwamba ni mara yake ya kwanza kuyaona, yeye ambaye dukani alikuwa akiuza pakiti kama ile kila saa.

"Wewe unazo za nini?" alisema polepole. "Mama, wewe unazo za nini?"

Mama Pasi alishuka sakafuni, akamshika binti yake miguu.

"Ningekuwa na namna ningekupa. Kizazi, miaka, vyote."

"Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia. Nikikukasirikia nakuwa mtu mbaya." Akaiweka pakiti kitandani. "Nimechoka kuwa mtu mzuri, Mama. Nilimsaidia hadi yule shangazi."

Hawakugombana. Heri wangegombana. Walikula, wakaoga, wakalala, na kesho yake wakasalimiana kwa adabu kama wapangaji. Baada ya wiki mbili binti akaomba uhamisho kazini, kwenye tawi la mji mwingine, akaupata.

Mama Pasi alimfungia mizigo. Neno "baki" lilimfika kooni si mara moja, akajikaza kisabuni, akalimeza. Kwenye kituo cha basi binti alimkumbatia kwa muda mrefu.

"Nikikutazama najiona," alimwambia sikioni. "Niache kidogo nisijione."

"Nenda, mama. Nenda."

Binti alipiga simu kila Jumapili. Walizungumza habari za mwenye nyumba, za maji kukatika, za mteja aliyetaka dawa ya kikohozi ya mbuzi wake. Habari za mwili hakuna aliyezigusa.

Na damu ile haikurudi. Mwaka ulipotimia na miezi juu yake, Mama Pasi alikwenda zahanati kwa ajili ya magoti. Muuguzi msichana, mwenye tabasamu la kukaribisha, alivuta fomu.

"Hedhi ya mwisho, mama?"

Alitaja tarehe, mwezi, na siku yenyewe.

"Una kumbukumbu wewe! Wengine wanakisia tu. Watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Mzima?"

"Mzima, nashukuru. Anafanya kazi."

"Wajukuu?"

"Sina."

Muuguzi akainua uso. "Aka, usiseme sina, mama. Sema bado."

Mama Pasi akaitazama kalamu ikingoja juu ya karatasi. Angeweza kumweleza. Lakini msichana alikuwa amesema kwa wema, na nje foleni ilikuwa ndefu.

"Haya," alisema. "Andika bado."

Akapandisha mkono wa gauni, akaunyoosha mkono apimwe presha.